Kisii mvua ipo, chemchemi zapungua: nani kayachukua maji?

Waandishi wa habari wakinipigia simu huwa na swali moja tayari: "Je, haya ni mabadiliko ya tabianchi?" Wanataka ndiyo au la, na wanataka kabla ya taarifa ya saa moja. Wananchi wa Kisii na Nyamira, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima mito na chemchemi, hawajaniuliza hivyo hata siku moja. Wao husema: "Daktari, nani kayachukua maji?" Ni swali la mtu aliyeibiwa. Mimi naliona bora kuliko lile la kwanza, kwa sababu linakubali kwamba wezi wanaweza kuwa wengi, na kwamba mmoja wao anaweza kuwa analala humo humo ndani.

Naandikia Pwani jambo la bara kwa makusudi. Sisi wa Mombasa tuliokulia maji ya mkokoteni tunaamini kuwa shida ya maji ni yetu na ndugu zetu wa Tana River na kaskazini, na kwamba mahali penye mvua watu huoga wapendavyo. Ukifika Kisii imani hiyo inatikisika. Vilima vyote ni kijani, migomba imefika mlangoni, na upande wa Nyamira majani chai yametandazwa kama mkeka. Mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka, wakati sisi Mombasa tunapata kama 1,000 hivi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda vilima ukakutana na upepo wa mashariki, na ikifika saa tisa au saa kumi mawingu yanapasuka, mara nyingi kwa mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru kule Nyamira, ukapita Kisii na Migori hadi ziwani. Mtu wa Ganze akisimuliwa haya hatafikiri hata kidogo kuwa huko kuna kiu.

Lakini asubuhi utawaona kina mama na watoto wakishuka bondeni na mitungi ya lita 20, kisha wakipanda nayo mlima. Vijijini nyumba nyingi hazina bomba, wanategemea chemchemi iliyo chini ya mashamba. Na kila chemchemi ninayoonyeshwa ina maelezo yale yale: zamani maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, sasa yanachuruzika. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii peke yake inaizidi kaunti ya Mombasa, iliyohesabiwa watu 1,208,333, na wengi wa hao wa Kisii wanaishi kwa jembe. Shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu hadi limebaki upana wa kitanga cha sala.

Mvua ipo na maji yanapungua. Inawezekanaje? Chemchemi si mfereji unaotoka moja kwa moja mawinguni. Ni mdomo wa ghala lililo chini ya ardhi. Mvua ikinyesha, sehemu inapotea kwa jua, sehemu inanywewa na mimea, sehemu inatiririka juu ya ardhi kuelekea mtoni, na kile kinachozama polepole ndicho kinachojaza ghala. Chemchemi ya Januari inatoa mvua iliyozama miezi mingi nyuma. Kwa hiyo unaweza kuwa na mvua tele na ghala tupu, ikiwa maji hayapati nafasi ya kuzama, au yakishazama yananyonywa kabla ya kufika mdomoni.

Huko Gusii nafasi hiyo imepunguzwa kwa njia nyingi. Vinamasi vya mabondeni, vilivyokuwa kama sifongo, vimechimbiwa mitaro na kulimwa mahindi na nyasi za napia. Mahali pengine udongo wake umechotwa kufyatua matofali, ukabaki mashimo. Mabati, barabara na njia za miguu zilizokanyagwa zikawa ngumu vinamwaga maji chini kwa kasi. Na kando ya mikondo ya maji imesimama mikaratusi, mirefu na iliyonyooka. Nitairudia, maana hiyo ndiyo iliyonitia matatani redioni.

Tabianchi nayo imo. Hewa ikipata joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Maana yake mvua kubwa inakuwa kubwa zaidi, na mvua inayomwagwa kwa saa moja hutiririka mtoni kabla ardhi haijaipokea, tofauti na ile ya rasharasha ya kutwa nzima. Joto hilo hilo hukausha udongo upesi pale mvua inapokatika. Kwa hiyo angani kuna mwizi na ardhini kuna wezi, na wanashirikiana.

Hayo ndiyo niliyomweleza mwandishi mmoja wa gazeti, tukiwa tumeketi juu ya jiwe kando ya chemchemi, kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage. Aliandika kila kitu, alipiga picha, alikuwa kijana mwenye adabu na maswali mazuri. Habari ilipotoka, kichwa chake kilisema tabianchi imekausha chemchemi za Kisii. Matofali yalitajwa mara moja karibu na mwisho. Mikaratusi haikuonekana. Simlaumu yule kijana, kwani kichwa cha habari huandikwa na mtu mwingine ambaye hakukaa juu ya jiwe.

Ungeweza kusema ni jambo dogo, msomaji ameelewa kuwa kuna tatizo. Lakini wiki chache baadaye nilikuwa kwenye mkutano ambapo mwanakijiji alimwuliza ofisa mmoja ni lini watazuia uchimbaji wa udongo kwenye kinamasi kilicho juu ya chemchemi yao. Ofisa akajibu kwamba wataalamu wameshasema ni tabianchi, jambo la dunia nzima, lililoletwa na viwanda vya Ulaya na Marekani, na kwamba tungoje fedha za kimataifa. Alikuwa na nakala ya gazeti. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu nikisikiliza jina langu likitumika kumlinda mchimba udongo.

Tangu siku hiyo ninaamini kuwa ukweli nusu ukiwekwa mahali pa ukweli mzima hudhuru kama uongo. Viwanda vya Ulaya na Marekani vina deni letu, hilo silipunguzi hata chembe. Mkulima wa Nyamira hakuchafua anga. Lakini mfereji uliochimbwa kukausha kinamasi chake haukuchimbwa Ulaya, na ukizibwa leo, hakuna haja ya kungoja mkutano wa dunia.

Mvutano huu si wa Kisii peke yake. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly waliandika katika jarida la Nature kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto kiasi kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Ziwa lile ni refu sana kwenda chini, na rutuba yake imelala huko chini. Upepo ndio unaoipandisha juu ikalisha mimea midogo inayoliwa na dagaa. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na rutuba inabaki chini. Walikadiria kuwa uzalishaji umeshuka kwa takribani asilimia 20. Wanasayansi wengine wakajibu kwamba idadi ya samaki wanaovuliwa inafuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Mvuvi wa Kigoma akisikia upande mmoja tu redioni, ama atasema nyavu zake hazina kosa lolote, ama atasema joto ni hadithi ya wazungu. Mabishano ya wataalamu ni kazi ya kawaida kabisa. Tatizo ni pale yanapofika kwa watu yakiwa vipande.

Waandishi huniambia: basi tupe jibu fupi, ni asilimia ngapi tabianchi na ngapi binadamu? Kwa chemchemi moja siwezi kutoa hesabu hiyo, maana inahitaji vipimo vya miaka mingi ambavyo hakuna aliyeviweka. Kwa mvua na ukame wa eneo kubwa kazi hiyo imefanywa, na hapo ndipo mtu anaona kwamba "ndiyo" zina ukubwa tofauti. Kundi la World Weather Attribution, akiwemo Mkenya Joyce Kimutai, lilichunguza ukame ulioanza mwisho wa 2020 katika Pembe ya Afrika, ule uliomaliza mifugo ya ndugu zetu wa Tana River. Lilisema ongezeko la joto liliufanya ukame wa mashamba wa aina ile uwe na uwezekano wa kutokea takribani mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto linanyonya maji ya udongo. Mvua za mwisho wa 2023 ziliongezwa ukali hadi mara mbili. Lakini mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalionekana kuongezewa mvua kwa takribani asilimia 5 tu.

Asilimia 5! Na ndiyo mvua iliyoua watu wengi Kenya. Mai Mahiu, Aprili 29, 2024, taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba. Watu zaidi ya 40 walikufa usiku huo. Ukiuliza "je, ni tabianchi?" utapata ndiyo ndogo. Ukiuliza "nani aliziba njia ya maji?" utapata kitu cha kufanyia kazi kabla ya msimu ujao.

Kuna na tatizo la maneno, na hapa nazungumza na watu wa Pwani ambao Kiswahili ndicho mama yao. Neno "tabianchi" limetengenezwa vizuri, lakini bado ni la vitabuni. Kwenye baraza la chifu huko Nyamira nilitumia "mabadiliko ya tabia ya nchi," na mzee mmoja akasimama kuniunga mkono kwa moyo wote. Alisema ni kweli, tabia ya nchi imeharibika, vijana hawaheshimu tena, na pombe imezidi. Watu wakapiga makofi. Nilimshukuru mzee, kisha nikaanza upya kwa kuuliza: msimu wa kupanda wimbi siku hizi mnauanza lini, na baba zenu waliuanza lini? Hapo kila mtu alikuwa na la kusema na sikulihitaji lile neno tena.

Neno jingine ni El Niño. Baada ya mvua za 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja nchini kote, Wakenya walilichukua neno hilo likawa jina la gharika. Kwa mwanasayansi, El Niño ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, mbali na hapa kabisa. Inaweza kuwepo na Kenya isipate mafuriko. Kinachotuamulia zaidi mvua za vuli ni bahari yetu wenyewe, yaani tofauti ya joto kati ya upande wa Afrika na upande wa Indonesia. Maji ya huku yakipata joto kuliko ya kule, mvuke unamiminika Afrika Mashariki. Ilitokea 1961, ikatokea 1997, ikatokea 2019. Baada ya mvua za 1961 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na baada ya zile za 2019 likavunja rekodi hiyo Mei 2020. Mkulima wa Kisii ambaye hajaiona bahari maishani mwake anapanda kwa kutegemea joto la maji yanayopiga Forodhani.

Sasa kumbukeni 2023. El Niño ilikuwa imetangazwa tangu Juni, na bahari yetu nayo ilikuwa imeelemea upande huo huo. Kituo cha ICPAC kilicho Nairobi kilitoa utabiri wa vuli yenye mvua nyingi. Utabiri huo hutolewa kwa mafungu matatu: miaka ya mvua nyingi, ya wastani na ya chache. Bila kujua chochote, kila fungu lina uwezekano wa asilimia 33. Fungu la mvua nyingi likifika asilimia 60, mtaalamu ameshtuka sana. Lakini msikilizaji anasikia "60" akasema, aa, karibu nusu kwa nusu, tuone. Na mtangazaji aliye na sekunde 30 anasema "itanyesha" au "haitanyesha."

Oktoba, Rais William Ruto akawaambia Wakenya, akiwataja wataalamu, kwamba hakutakuwa na El Niño kama ilivyotabiriwa bali mvua nyingi. Kwa lugha ya mtaani, ambamo El Niño maana yake ni gharika, watu walisikia: msihofu. Jioni hiyo hiyo nilikuwa studioni. Mama mmoja akapiga simu akiuliza kama aendelee kuchimba mtaro wa kuzuia maji juu ya nyumba yake au aache, maana vibarua wanadai pesa. Nilimwambia achimbe. Mtangazaji akataka kujua kama ninampinga Rais. Nikamjibu kwamba sikuzungumza habari za Rais. Mama ameuliza kuhusu mtaro, na mtaro usiotumika ni hasara ya siku mbili za kibarua, ila mtaro unaokosekana ni hasara ya nyumba. Novemba ikaja. Tana River, Garissa, Mandera, Kwale, Kilifi na hapa Mombasa, nyinyi mliona kwa macho yenu. Waliokufa Kenya walipita 100.

Sisi Pwani tungekuwa walimu wa jambo hili. Nahodha hamwulizi mtu kama kusi itavuma kwa hakika Jumanne. Anatazama, anapima, anajua hasara ya kubaki na hasara ya kutoka, kisha anaamua. Uwezekano si neno geni kwa baharia, ila sisi wataalamu tumeuvisha tarakimu hadi wenyewe hawautambui. Kule Vihiga, kaskazini ya Kisii, ukoo wa Nganyi ambao kwa vizazi umejulikana kwa kutabiri mvua kwa kutazama miti, wadudu na upepo, umekuwa ukikaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Kila upande unaleta utabiri wake, wanalinganisha, kisha wanatoa neno moja kwa lugha ya wenyeji. Wapo wasomi wanaocheka. Mimi sicheki. Watu wanamjua Nganyi, wanajua nyumba yake iko wapi, na utabiri wake ukikosa kesho wataonana sokoni. Mtaalamu wa Nairobi hana dhamana ya namna hiyo.

Na huku kwetu swali la wizi lipo pia. Visima vya Pwani vinageuka chumvi, na kila mwandishi anataka niseme bahari inapanda. Ndiyo, bahari inapanda, kwa wastani wa dunia milimita 3 hadi 4 na kitu kwa mwaka. Lakini tazameni hesabu hii ya zamani. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 ya maji matamu chini ya usawa huo. Kinyume chake ndicho cha kuogopesha: mashine ikishusha maji ya juu kwa nusu mita tu, chumvi inaweza hatimaye kupanda mita 20 kutoka chini. Bahari itahitaji zaidi ya miaka 100 kwa mwendo wa sasa kupanda nusu mita. Pampu za hoteli na majumba ya ghorofa zinaweza kufanya kazi hiyo kwa miaka michache. Watu wa Lamu wanaolinda vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo ndivyo ghala la maji ya mji wao, wanapigania jambo lililo karibu yao na wanajua hivyo. Ukimwambia mwenye kisima cha Nyali kwamba ni tabianchi, umemsamehe jirani yake mwenye pampu.

Sasa mikaratusi, niliyoahidi. Miti hii ya Australia iliingia Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za treni, ile reli iliyoanzia hapa Mombasa. Gusii imeipenda kwa sababu za haki kabisa. Inakua upesi, inauzwa nguzo za stima, mbao na kuni za viwanda vya chai, na haihitaji mtu wa kuichunga. Mzazi anapanda mtoto akiingia darasa la kwanza na kuikata akiingia sekondari. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito. Kelele zikawa nyingi, mingine ikakatwa, mingi ikachipua tena kutoka kwenye visiki, maana mkaratusi ukikatwa haufi.

Nikiwa redioni, kwenye kipindi cha Kigusii nikitafsiriwa na mtangazaji, mzee mmoja alipiga simu. "Daktari, mimi nilikata. Mwaka mzima umepita na maji hayajarudi. Mlitudanganya. Na karo sasa utalipa wewe?" Studio ikanyamaza. Mtangazaji alinitazama kama mtu anayetazama ajali.

Nilimjibu kwa habari ya Afrika Kusini, kwa sababu kule kuna bonde liitwalo Mokobulaan ambako mambo haya yalipimwa kwa miaka mingi. Walipanda mikaratusi kwenye bonde lenye kijito kisichokauka. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ikakatwa yote ikiwa na miaka 16, na watu wakangoja. Kijito hakikurudi kutiririka mwaka mzima hadi ilipopita miaka 5 mingine. Mizizi ilikuwa imenyonya ghala lenyewe, si mvua ya mwaka ule tu, na ghala lilibidi lijae kwanza ndipo mdomo utoe maji. Nikamwambia: "Mzee, hukudanganywa. Hukuambiwa muda. Na karo siwezi kukulipia." Nikaongeza kwamba sheria inataka kingo za mto ziachwe kati ya mita 6 na 30, na kwamba mikaratusi iliyo kileleni, mbali na maji, sina ugomvi nayo. Ile ya kinamasini ndiyo inayokunywa usiku na mchana kwa sababu maji yako miguuni pake.

Akakata simu bila kuaga. Lakini kikundi cha kina mama kutoka upande wa Nyamira kilichokuwa kikisikiliza kilinitafuta. Wao walikuwa wamekubaliana na wenye mashamba matatu yanayozunguka chemchemi yao: mikaratusi ya bondeni ikatwe na visiki ving'olewe, na badala yake wenye mashamba wapewe miche ya parachichi ya kupanda juu kidogo. Walitaka kujua jinsi ya kujua kama maji yanarudi, wasije wakagombana kwa kubahatisha. Hawakuwa na fedha za chombo chochote. Tukakubaliana na mtungi wa lita 20 na saa ya simu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya kanisa, mmoja wao anaweka mtungi chini ya bomba la chemchemi, anahesabu dakika hadi ujae, na anaandika kwenye daftari la shule pamoja na siku za mvua za wiki hiyo. Kisha mweka hazina ananitumia ujumbe.

Mtangazaji mmoja alinishauri niwaite wanahabari waje kuona. Nimekataa kwa sasa, maana najua watauliza kama chemchemi imepona. Ujumbe wa mwisho ulisema mtungi umejaa upesi kidogo kuliko mwezi uliotangulia, lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mweka hazina mwenyewe aliongeza chini: "Hii tusiihesabu, daktari. Tungoje Januari."